Kabla ya Mombasa na Baada ya Mombasa: Kazi ya Daktari wa Karibu kwa Mgonjwa wa Saratani

Mgonjwa wa saratani anayetoka kisiwa cha Pate hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mtaalamu. Huanza kwa nesi wa dispensari ya Siyu au Kizingitini, akaenda kwa tabibu wa Faza, akapanda boti hadi hospitali ya King Fahd pale Amu (Lamu), akavuka hadi Mokowe upande wa bara, akakaa kwenye basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Wengine huendelea hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Huko mtaalamu humwona kwa dakika chache kila wiki tatu. Siku zote zilizobaki, pamoja na usiku wake, mgonjwa yuko kwetu sisi wa vituo vya karibu, na miaka ya kazi hii imetuonyesha kwamba wengi hawaharibikiwi kwa kukosa mtaalamu. Huharibikiwa njiani: barua haikueleza kitu, kinyama, yaani kipande kilichokatwa cha kupimwa maabara, kilioza kwenye chupa, homa ilichukuliwa kuwa malaria, maumivu yaliachwa bila dawa. Haya yote ni kazi yetu.

Kutambua ndiko mwanzo, na huko kuna kanuni moja inayookoa watu: dawa ya kwanza isipofanya kazi, usirudie dawa, badilisha swali. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu kichukuliwe kinyama, hasa kwa mtafunaji wa tambuu. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, husababisha saratani ya mdomo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilithibitisha hilo zamani. Kwa hiyo mzee akikaa mbele yako na midomo myekundu, mwambie afungue kinywa, shika ulimi kwa kitambaa cha shashi (gauze), tazama pembeni na chini yake, kisha pitisha kidole ndani ya mashavu. Ni kazi ya dakika mbili.

Anayesema chakula kinakwama, muulize ni chakula gani. Kama ilianza nyama, ukaja mkate, sasa ni uji tu, huyo hahitaji dawa ya asidi kwa mwezi mwingine. Anahitaji kamera ya umio. Omeprazole humtuliza kidogo, na utulivu huo humgharimu miezi.

Mkojo wa damu ndio mtego mkubwa wa pwani yetu. Kichocho kipo, na mtoto wa miaka kumi anayekojoa damu mara nyingi ni kichocho kweli: praziquantel miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na anapona. Lakini kichocho kilichokaa miaka kwenye kibofu ndicho hicho hicho kinacholeta saratani ya kibofu. Mtu mzima wa miaka arubaini na zaidi akipewa praziquantel, apimwe mkojo tena baada ya wiki chache. Damu ikiwa bado ipo, hata ile isiyoonekana kwa macho, apigwe picha ya kibofu na figo na apelekwe kwa daktari wa mkojo. Kumwandikia dozi ya pili na ya tatu bila picha ni kumchelewesha.

Titi lililovimba na kuwa jekundu kwa mama anayenyonyesha, mpe antibayotiki siku kumi hadi kumi na nne, kisha umwone mwenyewe. Likibaki gumu, na ngozi ina vitundu kama ganda la chungwa, usiongeze dawa. Tezi za shingo zilizozidi sentimita mbili na kudumu zaidi ya mwezi zisianzishiwe dawa za kifua kikuu kwa kukisia tu. Na kwa hali yoyote usimpe prednisolone mtu unayemshuku ana limfoma, saratani ya tezi, kabla kinyama hakijachukuliwa: tezi hunywea, mgonjwa hushukuru, na mpatholojia akitazama haoni cha kumwambia.

Mwanaume, au mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye upungufu wa damu wa madini ya chuma hapewi vidonge vya chuma tu akaenda zake. Damu inavuja mahali. Muulize kuhusu choo chake na umpime kwa kidole njia ya haja kubwa. Aibu ya dakika moja si hoja. Nyayo nazo zitazamwe. Kidonda cheusi chini ya mguu cha mtu aliyetembea peku maisha yake yote huitwa mwiba, huitwa kuvu, huitwa sukari, na huwa kimeshafika kwenye tezi za kinena mtu anapofikiria melanoma, saratani ya ngozi.

Kuhusu mlango wa kizazi kuna mengi ya kusema, maana hapa ndipo kituo kidogo kinaweza kuzuia saratani yenyewe. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, ilianza kutolewa kwa wasichana Kenya mwaka 2019. Mama zao na shangazi zao, ambao chanjo haikuwakuta, wanategemea uchunguzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri kipimo cha HPV kuanzia miaka 30 kwa kila miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi kuanzia miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Kwa bibi wa Amu ambaye hajawahi kuvua buibui mbele ya mganga yeyote, kumpa kijiti cha pamba aingie chumbani peke yake ni tofauti kati ya kupimwa na kutopimwa kabisa.

Pasipo kipimo cha HPV tunapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama patageuka peupe, na siki ina masharti. Iwe ya asilimia 3 hadi 5; iliyokaa wazi tangu juzi haifai. Pamba iliyolowa ishikizwe kwenye mlango wa kizazi, usubiri dakika nzima kwa saa, si kwa makisio. Wanaosoma mapema hukosa weupe unaochelewa kutokea. Taa iwe nyeupe na yenye nguvu. Kwa mwanamke aliyepita miaka 50, ile sehemu inayobadilika, ambako saratani huanzia, huwa imeingia ndani, macho hayaioni, na kumwambia "uko sawa" kwa siki ni kumdanganya bila kukusudia.

Akionekana na weupe unaotibika, yaani haujafunika zaidi ya robo tatu ya mlango wa kizazi, haujaingia kwenye mfereji wake wa ndani na hauna dalili za saratani yenyewe, atibiwe siku hiyo hiyo. Kumwambia arudi wiki ijayo ni kumwomba nauli ya boti, ruhusa ya nyumbani na mtu wa kukaa na watoto, na pengine bahari ya kusi imechafuka. Mashine ya kuchoma kwa joto hutumia betri na humaliza chini ya dakika moja. Kinachoharibu ni kutomweleza yatakayofuata: maji yatatoka ukeni kwa wiki kadhaa, na wasikutane na mume kwa wiki nne. Asipojua, ataamini dawa imemharibu, na atawaambia wenzake hivyo. Mume naye aelezwe, mke akiridhia, ili zile wiki nne zisigeuke ugomvi.

Tukija kwenye kinyama, hapa ndipo uzembe mdogo huzaa hasara kubwa. Chupa iwe na mdomo mpana. Dawa ni fomalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya fomalini ya dukani na tisa za maji, iliyotiwa bafa ili isiwe na asidi. Ujazo wake uwe angalau mara kumi ya kinyama chenyewe. Kinyama kilichobanwa kwenye chupa ya sindano yenye matone ya fomalini huoza katikati. Kilichowekwa kwenye maji ya chumvi au spiriti hakifai, na mgonjwa atakatwa tena. Kiingie kwenye dawa ndani ya saa moja. Jina liandikwe kwenye mwili wa chupa, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani maabara. Kwenye fomu andika saa na tarehe kilipoingia kwenye fomalini: vipimo vya homoni vya saratani ya titi hutegemewa kinyama kikikaa kati ya saa 6 na 72. Kwa hiyo ukikata Alhamisi jioni na chupa ikasubiri mpaka gari la Jumatatu, umeshapita. Kata siku ambayo kuna wa kuichukua.

Kidonda kichukuliwe ukingoni, mahali kinyama kibaya kinapokutana na kizuri, kwa kuwa katikati pamekufa. Na uvimbe wa titi usitolewe kwenye chumba cha upasuaji mdogo eti kumwondolea mama wasiwasi. Ukiutoa bila kujua ni nini, umeacha mabaki, umevuruga mipaka, na daktari wa upasuaji wa Mombasa atakata zaidi. Sindano nene ya kuchukulia kinyama inatosha. Kama huna, mpeleke alivyo.

Barua ya rufaa yenye maneno "uvimbe wa titi, msaidieni" haimsaidii mtu. Iandikwe uvimbe uko upande gani, sentimita ngapi, umeanza lini, kwapa likoje, hedhi na mimba, dawa anazotumia kwa presha na sukari, na namba ya simu ya mgonjwa na ya jamaa mmoja anayejua kupokea. Vipimo vinavyopatikana karibu vifanywe kabla ya safari: hesabu kamili ya chembe za damu, figo, ini, virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B. Hicho cha mwisho husahaulika, na kumbe kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, inaweza kuiamsha homa ya ini iliyolala. Mgonjwa awe amesajiliwa na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na michango yake isiwe na deni. Kufika dirishani Mombasa na kuambiwa akaunti haifanyi kazi ni kuipoteza safari nzima. Kisha piga simu. Mtaalamu aliyeongea nawe asubuhi humpokea mgonjwa tofauti na yule aliyeletewa karatasi.

Baada ya hapo fungua daftari. Jina, tarehe ya kwenda, tarehe ambayo majibu yanatarajiwa, na nafasi tupu ya kujaza yakija. Kila Ijumaa kabla ya swala pitia nafasi tupu na upige simu. Utakuta mmoja alifika Malindi akakosa nauli, mwingine majibu yake yako tayari tangu mwezi jana na hakuna aliyemwambia. Wahudumu wa afya ya jamii ndio mkono wako hapa; wanajua nyumba, na wanajua pia ni nyumba gani haipendi kutembelewa na mtu wa hospitali mchana.

Familia nyingi zitakujia kabla ya mgonjwa. "Daktari, mama usimwambie, atakata tamaa." Wajibuni kwa heshima, msiwavunje, lakini msiahidi. Njia iliyofanya kazi ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe, mtoto mkubwa akiwapo: "Bibi, ungependa nikueleze wewe, au nizungumze na mwanao?" Wengi hujibu kwamba walishajua. Dua na kombe (maji yaliyooshewa aya) havigombani na matibabu. Miti shamba muulize kwa jina na kipimo, bila kufoka, maana ukifoka atanywa bila kukwambia, na vipimo vya ini lake vikipanda wakati wa kemo hutajua kwa nini.

Sasa homa. Hili lipewe nafasi kubwa kwa kuwa linaua upesi na linazuilika. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo, seli nyeupe za damu huwa chini kabisa. Mgonjwa akifika joto la 38.3 mara moja, au 38 likadumu saa nzima, hiyo ni dharura sawa na kuvuja damu. Sindano ya antibayotiki ya wigo mpana iingie ndani ya saa moja, kabla ya majibu ya maabara, kabla ya boti. Wasiwasi wetu ni mazoea ya pwani: homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Pima malaria, ndiyo, lakini kipimo kikiwa chanya mtibu malaria na sindano ya antibayotiki impate vilevile. Panadol asipewe nyumbani kabla ya kupimwa joto, maana huificha. Dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa asipewe, wala asipimwe joto huko. Mchubuko mdogo huingiza vijidudu kwenye damu. Usaha usiuone ukadhani hakuna ugonjwa: asiye na seli nyeupe hatoi usaha.

Yapangwe kabla. Ulizeni kituo cha saratani ni dawa gani wanataka muanze nayo, iwekwe kwenye kabati la dispensari ikiwa na jina la mgonjwa. Kipimajoto kiwe nyumbani kwake. Tarehe ya kemo ya mwisho iandikwe kwenye kadi anayotembea nayo, kwa sababu nesi wa zamu ya usiku hamjui, na mgonjwa mwenye homa hakumbuki. Boti nayo: ijulikane mapema ni nani atavusha usiku, na mafuta yake yatalipwa na nani.

Kemo haisimamishi magonjwa mengine. Dexamethasone anayopewa kuzuia kutapika hupandisha sukari kwa siku kadhaa; mwenye kisukari apimwe mara nyingi zaidi siku hizo. Akitapika na kuharisha, metformin ya kisukari, vidonge vya kukojoza na dawa za presha zinazogusa figo zisimame kwa muda, la sivyo figo hufa huku kila mtu akihangaikia saratani. Mwezi wa Ramadhani uzungumzwe tangu Shaabani. Mgonjwa wa kemo ana ruhusa ya kula, na mara nyingi neno la imamu wa mtaa humtuliza kuliko letu. Mwombeni aseme naye.

Maumivu ndiyo sehemu ambayo daktari wa karibu hana wa kumsukumia. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, huanza miligramu 2.5 hadi 5 kila saa nne kwa asiyewahi kuitumia. Mzee dhaifu aanze na 2.5. Saa zake hukaa vizuri kwenye siku yetu: kumi na mbili asubuhi, nne, nane, kumi na mbili jioni, na nne ya usiku, ambayo ni dozi mbili pamoja ili alale mpaka alfajiri. Maumivu yakichomoza katikati, apewe dozi moja ya ziada bila kungoja saa. Akihitaji za ziada zaidi ya tatu kwa siku, ongeza dozi ya kawaida kwa theluthi hadi nusu.

Pamoja na mofini, siku hiyo hiyo ya kwanza, andika dawa ya choo, bisacodyl miligramu 5 hadi 10 usiku. Choo kikifunga siku tano, mgonjwa ataacha mofini na kusema imemkataa. Kichefuchefu na usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo hupita, mwambie mapema. Jihadhari na nguvu ya chupa. Kuna mofini ya miligramu 1 kwa mililita, na kuna ya 10. Kosa la kuzichanganya ni mara kumi, hivyo andika kwa mililita na kwa miligramu, na upimie kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani. Figo zikiwa mbovu, punguza na urefushe saa.

Kuna hofu ambayo haina budi kujibiwa. Watu wa Amu na Malindi wameona unga, yaani heroini, ulivyowamaliza vijana wao, na ukitaja mofini wanafikiria hilo. Usiwacheke. Waeleze kwamba mgonjwa mwenye maumivu ya saratani anayepewa kipimo chake kwa saa zake hutulia, hula, huswali, na kwamba ndiyo sababu chupa inafungiwa sandukuni na kuhesabiwa. Sanduku lenyewe lisiwe maneno tu, wezi wapo.

Kisha wapo waliopona, na hao husahaulika kabisa. Mwanamke aliyemaliza matibabu ya titi hurudi na tamoxifen, dawa ya kuzuia saratani isirudi, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, pengine 10. Kazi yetu ni kuhakikisha haikatiki. Huachwa akiona hana kitu, au dawa ikiisha akingoja miadi ya Mombasa, ilhali daktari wa karibu angeweza kuiandika. Akiwa na huzuni asipewe dawa za huzuni za fluoxetine wala paroxetine, ambazo zinaweza kuipunguzia tamoxifen nguvu. Akitokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi, apimwe mji wa mimba, maana dawa hiyo yaweza kuleta saratani huko.

Na mgongo. Mgongo mpya unaouma kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani ya titi au ya tezi dume, hasa ukizidi akilala, haupewi diclofenac ya kutuliza maumivu na miadi ya mwezi ujao. Mwambie asimame, atembee kwa visigino, muulize kama mkojo unatoka sawa, pitisha pamba miguuni. Udhaifu wowote hapo ni uti wa mgongo unaobanwa: dexamethasone miligramu 16, alale, na aondoke siku hiyo, kwa ndege kutoka uwanja wa Manda ikiwezekana. Anayefika akiwa bado anatembea, mara nyingi huendelea kutembea. Aliyefika amepooza, ni nadra miguu kurudi.